Prosesa mpya isiwe chanzo cha kupoteza data

KUBADILISHA prosesa ya kompyuta kuukuu ni nafuu kuliko kununua kompyuta mpya. Hata hivyo, mwenye saiba mtaani Kware, Embakasi Kusini, anayefanya hivyo wateja wakimiminika kujaza ritani za ushuru kabla ya Juni 30, anaweza kufungiwa nje ya mashine yake mwenyewe.

Kwanza, BIOS, yaani programu ya msingi iliyo kwenye bodi kuu, isipoitambua prosesa mpya, kompyuta haitawaka. Yafaa isasishwe prosesa ya zamani ingali mahali pake.

Pili, katika kompyuta nyingi za kisasa, kifaa cha usalama kiitwacho TPM kimo ndani ya prosesa. Prosesa ikiondolewa, programu ya BitLocker inayofumba data huona mgeni na kudai ufunguo wa tarakimu 48. Asiyekuwa nao wala nakala ya data hupoteza yote yaliyomo.

Tatu, Microsoft ilikomesha huduma za kawaida kwa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025. Anayebadilisha prosesa ili apate Windows 11 ajue kwamba orodha rasmi ya prosesa za Intel huanzia hasa kizazi cha nane, ambacho bodi kuu nyingi za zamani hazikikubali.

Basi kabla ya kumkabidhi fundi bisibisi, nakili data kwenye diski ya nje, andika ufunguo karatasini, kisha simamisha BitLocker kwa muda. Tahadhari kabla ya hatari.