Picha ya Kioo cha Kompyuta: Tuchague Programu Ipi?



Masuali yametufikia kutoka matawini, na yote yataka jawabu moja: tununue programu gani ya kupigia picha ya kile kinachoonekana juu ya kioo cha kompyuta, yaani skrinshoti? Sababu ya suali yajulikana. Siku hizi fomu nyingi hujazwa kwenye kompyuta, na mwisho wa kujaza hutokea nambari ya kumbukumbu ambayo ukishafunga ukurasa huenda usiione tena. Katibu wa tawi moja alijaribu kuihifadhi kwa kukipiga kioo picha kwa simu yake. Ilipotufikia ofisini ilikuwa imejaa mistari na mng'aro wa taa, tukakaa watu watatu tukibishana kama tarakimu ya nne ni 3 au ni 8. Ikabidi fomu ijazwe upya, na wachumaji wakangojea fedha zao siku nyingine tisa.

Jawabu letu la kwanza ni kuwa msinunue kitu. Chombo mnacho tayari. Juu ya kibodi, upande wa kulia, pana kitufe kilichoandikwa PrtSc au Print Screen. Jina hilo si la bure: katika kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, kukibonyeza pamoja na Shift kulipeleka maandishi ya kioo moja kwa moja kwenye mashine ya kuchapia karatasi. Leo haitoki karatasi, na wengine hudhani kitufe kimekufa. Hakikufa. Katika baadhi ya kompyuta za Windows picha hushikwa kwa muda, nawe hapana budi ufungue Paint au programu ya kuandikia barua, ubonyeze Ctrl na V, ndipo uione. Ukinakili kitu kingine kabla ya hapo, ile ya kwanza imekwenda zake. Lakini ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na PrtSc, picha hujiweka yenyewe katika folda iitwayo Screenshots, iliyomo ndani ya Pictures. Alt pamoja na PrtSc huchukua dirisha moja tu unalofanyia kazi.

Iliyo bora zaidi kwa kazi zetu ni Snipping Tool, ambayo huja pamoja na Windows bila ya malipo. Bonyeza Windows, Shift na S kwa pamoja. Kioo kitafifia, nawe utavuta kipanya kuzunguka sehemu unayoitaka tu. Wenye Mac wabonyeze Command, Shift na 4 kupata jambo hilo hilo, na picha wataikuta mezani pa kompyuta.

Yupo atakayesema kuwa hiyo haitoshi. Kweli, kuna kazi zinazotaka zaidi. Katibu anayetaka kuwafundisha wenzake kujaza fomu atapenda kutia mishale na nambari 1, 2, 3 juu ya picha. Huyo achukue Greenshot, ambayo kwa Windows ni ya bure na ni nyepesi hata kwa kompyuta kongwe. Mwenye Linux atafaidika na Flameshot. ShareX nayo ni ya bure na ina mambo mengi mno. Kwa maoni yetu yamezidi haja ya ofisi ya tawi. Snagit ni nzuri, illa ni ya kulipiwa, na hatuoni sababu ya tawi kutoa fedha hizo. Kwa ukurasa mrefu usioenea kiooni, Firefox yenyewe yaweza kuupiga picha wote tangu juu hadi chini: bonyeza upande wa kulia wa kipanya, uchague kupiga skrinshoti.

Sasa twafika pale tulipotaka kufika. Kabla ya kuuliza programu ina rangi ngapi na mishale mingapi, ulizeni: picha yenda wapi? Zipo programu ambazo, mara tu ukipiga picha, huipeleka kwenye mtandao na kukurudishia anwani ya kumpa mwenzio. Yaonekana ni wepesi. Lakini yeyote mwenye anwani ile aweza kuitazama picha, na baadhi ya anwani hizo ni fupi hata watu wamezibahatisha kwa kubadilisha herufi moja moja. Mwanachama aliyepiga picha ya ukurasa wa benki, wenye jina lake, nambari ya hesabu yake na fedha alizobakiwa nazo, ameutundika ukurasa huo sokoni. ShareX nayo ina uwezo wa kupeleka picha mtandaoni. Anayeitumia aangalie kwanza mipangilio yake.

Wala msidhani kuwa kukata pembeni kwatosha siku zote. Mwezi wa Machi 2023 iligunduliwa kasoro katika Snipping Tool ya Windows 11 na katika ndugu yake ya Windows 10. Mtu akifungua picha iliyokwisha kuhifadhiwa, akaikata, akaihifadhi juu ya ile ile, sehemu iliyokatwa ilibaki imejificha ndani ya faili, na mjuzi aliweza kuirudisha. Microsoft waliitengeneza mwezi huo huo. Anayekataa kuiacha kompyuta yake ipokee masahihisho ajue kuwa huenda bado anayo. Na picha zilizokatwa kwa njia hiyo kabla ya hapo zabaki na kasoro yake, hata kompyuta ikiwa imetengenezwa.

Kuficha nambari, tieni mraba mweusi mzito. Ukungu hautoshi, maana tarakimu zilizotiwa ukungu mara nyingine hutambulikana. Na ile kalamu ya kung'arisha maandishi, hata ukiipitisha mara tano, aweza mtu kuisoma nambari chini yake kwa kuongeza mwanga wa picha.

Hifadhini kwa PNG, si JPEG, kwani JPEG huchafua kingo za herufi. Mkituma kwa WhatsApp, itumeni kama hati badala ya picha, ama sivyo itapunguzwa na ule ubishi wa 3 na 8 utarudi.

Mwisho, picha hii haishiki nafasi ya stakabadhi ya mizani. Aliye na kompyuta aweza kubadilisha tarakimu ndani ya picha kwa dakika chache, na mnunuzi ana haki ya kuikataa. Stakabadhi ya karatasi ikae sandukuni kama kawaida, na picha iwe ya kuonyesha nambari ya kumbukumbu na siku uliyopeleka fomu. Saa na tarehe huwa pembeni chini ya kioo cha Windows. Mnapokata, ziacheni ndani.