UZI: Kabla ya kusema "mchawi ni yule"

1/ Wadau, huu mjadala hurudi kila mara kwenye mikutano na redioni: sheria ya uchawi ikazwe au ifutwe? Hapa Isiolo, adhana na kengele ya kanisa husikika mtaa mmoja, na kila mtu ana la kusema. Leo tuache kubishana kama uchawi upo. Tumtazame yule anayenyooshewa kidole.

2/ Kisii, Mei 2008. Watu 11, wanawake 8 na wanaume 3, wengi wao wazee, walichomwa hadi kufa. Kundi lilipita nyumba hadi nyumba. Ushahidi ulikuwa nini? Wanakijiji waliwaambia waandishi wa habari kwamba kuna daftari lililookotwa katika shule ya msingi, eti lina kumbukumbu za mkutano wa wachawi. Daftari! Kitu ambacho mtoto yeyote mwenye kalamu angeweza kuandika.

3/ Tukasema haitarudi. Oktoba 2021, kaunti hiyo hiyo, eneo la Marani, wanawake wanne wazee wakauawa kwa tuhuma ile ile.

4/ Kilifi nako mvi zimekuwa hatari. Kuna wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi ili wasiitwe wachawi. Wengine wamekimbilia hifadhi ya Kaya Godoma. Ukichunguza kesi nyingi, chini ya tuhuma kuna shamba: mzee akiondoka, kuna mtu anarithi. Kwa hivyo swali la kwanza ni hili: nani anafaidika?

5/ Msidhani ni shida ya Afrika peke yake. Salem, Marekani, 1692: watu 19 walinyongwa, na mzee mmoja aliyekataa kujibu mashtaka akakandamizwa kwa mawe hadi akafa. Mashahidi walidai wameona roho ya mshtakiwa ikiwatesa. Sasa utajiteteaje? Ukisema ulikuwa nyumbani umelala, wanakujibu kwamba roho yako ilitoka.

6/ Hapa ndipo pa kushika sana. Kule Salem, waliokiri kwa jumla waliponea. Walioshikilia kwamba hawana hatia ndio walionyongwa. Mfumo uliwaua waliokataa kusema uongo. Tuhuma ambayo kukana kwako kunahesabiwa kuwa ushahidi dhidi yako ni mtego, hata ikiitwa kesi.

7/ Na walioendesha mambo hayo hawakuwa wahuni. Walikuwa watu wa sala, wakiamini wanamtumikia Mungu. Hiyo ndiyo hatari ya bidii ya dini isiyo na breki: mwizi akiiba anajua ameiba, lakini huyu akishamuumiza jirani analala usingizi mzuri.

8/ Karibu na kwetu: Kinshasa, watoto wamefukuzwa nyumbani baada ya baadhi ya wahubiri kusema ni wachawi. Wengine walifungiwa na kunyimwa chakula ili "watolewe pepo". Mara nyingi ni yatima au mtoto wa kambo, yaani yule ambaye nyumba iliona ni mzigo. Kongo ilipitisha sheria mwaka 2009 inayokataza kumtuhumu mtoto uchawi.

9/ Kuna atakayesema, "Unapiga vita dini." Hapana. Suratul Hujurat aya ya 6 inaamuru habari ichunguzwe kwanza, msije mkawadhuru watu kwa kutojua. Kumbukumbu la Torati 19 inataka mashahidi wawili au watatu, na shahidi wa uongo apewe adhabu ile aliyomtakia mwenzake. Breki zimo ndani ya dini yenyewe. Shida ni dereva.

10/ Sheria je? Sheria ya Uchawi ya Kenya ni ya 1925. Inakataza kujifanya mchawi, lakini pia inafanya kumtuhumu mtu uchawi kuwa kosa, isipokuwa ukipeleka malalamiko kwa chifu, polisi au mwenye mamlaka. Wanaotaka ifutwe wanasema ni ya mkoloni na inaipa tuhuma heshima ya serikali. Wanaotaka ibaki wanasema bila hiyo kijiji kitajichukulia hatua.

11/ Kwamba uliamini kweli hakukuokoi. Mwaka 1932, wanaume 60 wa Ukambani walihukumiwa kifo kwa kumuua mwanamke waliyeamini ni mchawi. Hawakunyongwa mwishowe, adhabu ilipunguzwa, lakini mahakama iliyaita mauaji kwa jina lake. Na leo Katiba, kifungu cha 50, inasema mshtakiwa hana hatia hadi ithibitishwe.

12/ Maoni yangu: sheria ibadilishwe au ibaki, kipengele cha kumwajibisha anayesingizia kisiguswe. Na kiongozi akisimama jukwaani kusema "wachawi wamezidi, wananchi mjue la kufanya", muulizeni matatu. Nani anafaidika? Ushahidi huu unaweza kupingwa vipi? Mtuhumiwa akikana, atasikizwa?

13/ Akikosa majibu, usipige makofi. Mzee atakayelipia makofi hayo hayuko mkutanoni. Yuko nyumbani peke yake, na mlango wake ni wa mbao.

Sambaza uzi huu kwa yule mwenye group ya kijiji. Umdhaniaye ndiye kumbe siye.