Wasomi, Vibarua na Lugha ya Ukombozi

Kwa nini mafundisho yanayodai kumkomboa mfanyakazi mara nyingi humwacha kimya? Twadhani sababu mojawapo ni kiburi cha wasomi, yaani imani kwamba ukweli hukaa kwanza kwa wenye elimu, kisha humshukia mtu wa jembe.

Historia yetu yatupa mfano. Wanafunzi wa mrengo wa kushoto katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichambua mapambano ya matabaka katika jarida lao, Cheche, hadi lilipopigwa marufuku mwaka 1970. Uchambuzi ulikuwa makini, lakini uliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo kwa Kiswahili, na kifungu cha 15 kiliwakataza viongozi kuwa na majivuno na dharau. Wafanyakazi walikuta humo jambo walilolijua siku zote, wakaanza kugoma kiwanda baada ya kiwanda. Hatimaye dola iliizima migomo hiyo, lakini hakuna awezaye kusema kwamba hawakuwa na utambuzi.

Huko Hanang, tangu miaka ya 1970, NAFCO ililima ngano kwa msaada wa Kanada juu ya malisho ya Wabarabaig. Hata makaburi ya wazee wao yalipitiwa na trekta. Wanakijiji wa Mulbadaw walishinda katika Mahakama Kuu mwaka 1984. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani iliutengua ushindi huo, sababu mojawapo ikiwa kwamba hawakuthibitisha kuwa "wenyeji" kwa maana ya sheria. Ndivyo lugha ya juu inavyoweza kumfanya mwenye jambo kuwa mgeni katika jambo lake.

Je, sisi tu tofauti? Tulimsikia mwanafunzi wa mazoezi akiwahubiria vibarua waliotoka Mbulu juu ya "miundo dhalimu". Walisikiliza kwa adabu. Baada ya ibada mama mmoja akamwuliza: "Baba, na ujira wetu wa wiki mbili tumdai nani?" Hapo ndipo somo lingeanza, naye alikwisha kufunga kitabu.

Hatusemi elimu itupwe. Manung'uniko peke yake hayajengi umoja. Kibarua na mfugaji waweza kulaumiana wao kwa wao, wasione kinachowaumiza wote wawili. Lakini Luther, akieleza kazi yake ya kutafsiri mwaka 1530, alimwelekeza msomi kwa mama nyumbani, watoto njiani na mtu sokoni. Mtumishi wa Mbulu na Hanang hana budi kuanzia hapo: asikie kwanza kwa Kiiraqw na Kidatooga, ndipo afundishe.