Nani Atakubali Kuwa Fisi?

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, na mwaka huu nilikuwa katibu wa maigizo katika Chama chetu cha Kiswahili. Nimeishika kalamu ili nieleze jambo ambalo wengi mnaliona rahisi, kumbe ni gumu: jinsi ya kuwapata waigizaji wa mchezo ambao ndani yake hamna hata binadamu mmoja. Wahusika wote ni wanyama.

Sote tumefunzwa darasani kwamba ngano ambazo wahusika wake ni wanyama huitwa hurafa. Tangu utotoni tumesikia habari za sungura mjanja, fisi mlafi, simba mwenye nguvu na kobe asiye na haraka. Basi mtu angedhani kwamba mchezo wa aina hiyo ungejaza watu hadi mlangoni. Nami nilidhani hivyo. Mchezo wetu ulihusu wanyama waliochimba kisima wakati wa ukame. Sungura akakataa kushika jembe, lakini maji akayataka. Wahusika walikuwa kumi na wawili. Siku ya kwanza walikuja watu watano tu, na wote watano walitaka kuwa sungura au simba!

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Niliketi peke yangu, nikaandika orodha ya majina na wahusika, nikaibandika kwenye ubao wa matangazo. Aliye mnene nikampa kiboko. Mwenye shingo ndefu nikampa twiga. Na kijana mmoja wa kidato cha pili, ambaye saa ya chakula cha mchana huzungukazunguka akiomba githeri iliyobaki, nikampa fisi. Niliona nimefanya jambo la kuchekesha, na kweli watu walicheka. Kabla ya kengele ya saa kumi hakuna aliyemwita kwa jina lake tena. Wiki hiyo hakuja chamani, wala wiki iliyofuata. Baadaye ndipo nikajua kwamba nyumbani kwao hawakuwa wameweza kumlipia chakula cha mchana tangu muhula uanze. Jamani, mimi naye hupitia njia moja kwenda nyumbani, na siku hizo alikuwa akiniona tu, anavuka barabara.

Mlezi wa chama aliniita ofisini. Nilijua nitakemewa, lakini hakunikemea. Aliniuliza swali moja tu: "Wewe mwenyewe ungekubali kuwa fisi?" Nikanyamaza kama maji ya mtungini. Akaniambia kwamba nikikosa waigizaji kufikia Ijumaa ya wiki iliyofuata, nafasi yetu katika siku ya wazazi itapewa kwaya.

Niliichana ile orodha, nikaanza kuwauliza wenzangu kwa nini hawataki. Majibu yao yalikuwa matatu. Kwanza, waliogopa jina. Sisi ni wa shule ya kutwa, na jina la utani haliishii langoni. Linapanda matatu nawe hadi mtaani, mpaka ndugu zako wadogo wanalisikia. Pili, waliona haya. Kidato cha nne walisema, "Ati tuvae mikia? Hiyo ni ya watoto wa chekechea." Tatu, walidhani mnyama hana la kusema ila kunguruma na kubweka. Ukitaka kuwavuta watu, lazima uyajibu hayo matatu. Sisi tuliyajibu hivi.

La kwanza, usimgawie mtu mnyama. Mwache achague. Katika kikao kipya hatukutaja mchezo kabisa. Tulisukuma madawati ukutani, na kwa dakika kumi kila aliyekuwemo chumbani akawa mnyama yeyote aliyemtaka, ila asiseme ni nani hadi wengine wamtambue. Mlezi wetu naye hakubaki nyuma. Alikuwa bata, tena bata mwenye maringo! Watu wote wakicheka pamoja, hakuna anayechekwa. Waliokuwa wakichungulia dirishani waliingia wenyewe bila kuitwa.

La pili, mpe mnyama haja. Tuliandika kadi kumi na mbili, na kwenye kila kadi mistari mitatu: mnyama huyu anataka nini, anaogopa nini, na anaficha nini. Kobe anataka kuheshimiwa, anaogopa kuachwa nyuma, na anaficha kwamba ndiye aliyemwona sungura akiiba maji. Mtu akisoma kadi kama hiyo haulizi tena kuhusu mkia. Anauliza, "Nitasema lini?"

La tatu, mchunguze mnyama mwenyewe, si sifa zake za nganoni peke yake. Kadi ya fisi ilikuwa imebaki mezani bila mwenyewe. Ndipo mwalimu wa biolojia akatueleza mambo ambayo sikuyajua. Kwa fisi madoa, majike ni wakubwa kuliko madume, na ndio wanaoongoza kundi. Mtoto hurithi cheo cha mama yake. Tena fisi madoa si mla mizoga tu. Huwinda, na mara nyingi simba ndiye humnyang'anya fisi mawindo yake. Watafiti wamekuwa wakiwafuatilia fisi wa Maasai Mara tangu mwaka 1988, na hayo ni miongoni mwa mambo waliyoyaona. Tukaandika kadi upya: fisi ni mama, ana watoto pangoni, anataka maji, anaogopa kwamba hakuna atakayemwamini. Msichana mmoja wa kidato cha nne, mmoja wa wale waliosema mambo ya chekechea, aliinyakua kadi hiyo kabla sijaiweka mezani.

La nne, uso uonekane. Tulikuwa tumepanga kutengeneza vinyago vya kufunika uso mzima, lakini watu wakalalamika kwamba hawatasikika wala kujulikana. Tukachukua mfano wa mchezo wa The Lion King, ambao ulifika majukwaa ya New York mwaka 1997 baada ya filamu ya mwaka 1994. Humo pia hamna binadamu, na majina kama Simba na Rafiki yametoka katika lugha yetu hii tunayoidharau. Katika mchezo huo vinyago vya simba hukaa juu ya kichwa cha mwigizaji, na uso wake unabaki wazi. Hivyo mtazamaji humwona mnyama na mtu kwa pamoja. Sisi maleba yetu yalikuwa maboksi ya dukani, gundi, makaa ya kuchorea na leso kutoka nyumbani. Na kwa wale wanaosema haya ni mambo ya kitoto, nawakumbusha mchezo wa Cats. Wahusika wake ni paka watupu, ulianza London mwaka 1981, na ulichezwa huko hadi mwaka 2002. Hiyo ni miaka 21, na watu wazima walikuwa wakinunua tikiti.

La tano, fikiria muda wa watu. Wengi wetu tukitoka shuleni tunachota maji, tunafunga mifugo au tunakaa dukani. Ukiweka mazoezi jioni, utabaki na wanaoishi karibu na lango. Tulifanya mazoezi saa ya chakula cha mchana, mara mbili kwa wiki, na wahusika wakubwa wakawa na waigizaji wawili wa kupokezana.

La sita, ambalo kwangu ndilo kubwa, jina la mnyama libaki jukwaani. Tuliweka sheria kwamba kila mazoezi yakiisha, kila mmoja anavua kinyago, anataja jina lake halisi, nasi sote tunamwitikia kwa jina hilo. Anayemwita mwenzake jina la mnyama nje ya mazoezi anafagia chumba. Nilifagia mara mbili, lakini nilizoea.

Kufikia ile Ijumaa tulikuwa watu kumi na saba. Kwaya ikasubiri.

Na yule kijana? Nilimngoja langoni siku tatu mfululizo, na siku ya tatu hakuvuka barabara. Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe, alisema tu, "Ulinipa fisi kwa sababu ya njaa yangu." Sikuwa na jibu, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Tulitembea hadi njia panda bila kusema kitu. Jumatatu alikuja chamani akakaa nyuma. Hakutaka kuigiza, na hatukumlazimisha. Aliomba ngoma, akaipiga hadi siku ya mwisho.

Siku ya wazazi, fisi alipoingia jukwaani watu walianza kucheka kama kawaida. Aliposimama mbele ya kisima akaomba maji ya watoto wake, na wanyama wengine wakamgeuzia mgongo, ukumbi ulinyamaza. Ngoma ilikuwa ikilia polepole. Nilikuwa nyuma ya pazia nimeshika karatasi za maneno, na sikuweza kumtazama aliyekuwa akiipiga.

Wanafunzi wenzangu, wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mwaka ujao tunakusudia kuwa na mchezo mwingine wa wanyama. Njooni nyote, mchague kadi wenyewe. Na wewe utakayechukua nafasi yangu ya ukatibu, tafadhali usibandike orodha ukutani kabla hujajiuliza lile swali la mlezi wetu. Hapa naiweka kalamu yangu chini. Wasalaam.