Besi isiyo na freti: Masisi na Walikale, kamba hutafutwa garajini, sauti hutafutwa kwa sikio

Kivu ya Kaskazini – Kwaya ya vijana katika kijiji cha Masisi au Walikale haikosi ngoma, haikosi manyanga, na mara nyingi ina gita moja au mawili ya mbao yaliyochongwa nyumbani. Kinachokosekana ni sauti ya chini. Waimbaji wakishaupandisha wimbo, hakuna kinachowashika, na kabla ya beti la tatu kila upande umeshaenda na sauti yake. Kuwashika ni kazi ya besi.

Besi ya umeme inanunuliwa Goma, na kuinunua ni mwanzo tu. Inadai amplifaya, amplifaya inadai moto wa umeme, na moto wa umeme katika vijiji vingi ni jenereta na mafuta ya kununua. Ndiyo maana vijana wenye ujuzi wa kuchonga hurudi kwenye besi ya mbao: sanduku kubwa, shingo ndefu, kamba tatu au nne, bila waya wowote wa umeme na bila freti, yaani vile vyuma vidogo vinavyokatiza shingo ya gita kuonyesha mahali pa kila noti.

Wengi huiona kama chombo kilichopungukiwa, na hapo wanakosea. Freti si kitu cha lazima kwa besi. Kinachoua besi nyingi za nyumbani ni kamba ambazo hazilingani na mbao: ama zimelegea hadi hazitoi noti, ama zimekazwa hadi shingo inapinda na sanduku linafunguka gundi. Anayejua kuchagua kamba ana besi.

Rumba ilianza bila freti

Historia ya muziki wa Kongo iko upande wa chombo hiki. Okestra za Léopoldville za miaka ya 1950 zilitumia kontrabasi, lile fidla kubwa linalopigwa mtu akiwa amesimama, na kontrabasi haina freti hata moja. Besi ya umeme yenye freti ilikuja baadaye: kampuni ya Fender ya Marekani iliitoa yake ya kwanza mwaka 1951 na kuiita Precision, yaani usahihi, kwa sababu freti zilimhakikishia mpigaji noti iliyo sahihi hata kama sikio lake halijakomaa. Rumba ya Kongo, iliyoandikwa na UNESCO katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwezi Desemba 2021, ilikuwa imeshajifunza kutembea kabla ya usahihi huo wa kiwandani.

Karibu zaidi na nyumbani, Bashi wa Kivu ya Kusini wana lulanga, na jirani zao wa Rwanda wana inanga: ubao uliochimbwa kama sinia refu, kamba moja ikizungushwa kwenda na kurudi hadi ikawa kamba kadhaa. Haina freti. Zeze, kwa upande wake, ina vinundu vya kushikia vilivyochongwa kwenye kijiti chake. Kwa hiyo wazee walizijua njia zote mbili, na walichagua kulingana na kazi.

Katanga nayo ilitoa somo lake. Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mjini Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, alipiga gita moja tu, lakini kidole gumba chake kilikuwa kinatembea kwenye kamba nene kama mpiga besi aliyekaa pembeni. Mtu anayetengeneza besi ya mbao anakipa kile kidole gumba chombo chake chenyewe.

Sanduku na shingo: gonga kwanza

Kamba nene ya besi, mi ya chini, hutikisika kama mara 41 kwa sekunde. Sanduku dogo la gita haliwezi kusukuma hewa ya kutosha kuitoa sauti hiyo nje. Wamexico waliliona jambo hili zamani: guitarrón yao, besi ya kushikwa mikononi isiyo na freti, ina tumbo kubwa kupita gita la kawaida. Kwa fundi wa Masisi maana yake ni moja. Sanduku linalokaribia ukubwa wa kreti ya bia litasikika chini zaidi kuliko lile la ukubwa wa gita.

Uso wa mbele uwe mwembamba na mkavu. Triplex nyembamba hufaa. Ukigonga kwa kifundo cha kidole, iitike kwa sauti inayokaa kidogo. Ikitoa sauti fupi ya kufa, ni nene mno au bado ina maji. Bidoni la plastiki la lita 20 ni rahisi kupatikana, lakini plastiki hunyonya sauti. Anayelitumia alikate upande mmoja na kuufunika kwa triplex.

Shingo inataka mbao tofauti. Walikale ina miti migumu ya msituni, ile inayoshuka Goma ikiwa mbao za ujenzi. Masisi juu, penye malisho ya ng’ombe, kuna mikalitusi, mti ule ule unaochongwa chukudu. Mkalitusi una nguvu, ila ukichongwa mbichi utapinda na kupasuka, kwa hiyo ukaushwe polepole kivulini, si kando ya moto. Kabla ya kununua au kupokea shingo iliyochongwa tayari, iweke jichoni kama mtu anayelenga bunduki na uangalie kama imenyooka. Shingo iliyopinda kabla ya kamba haitanyooka baada ya kamba.

Uso wa shingo, pale vidole vinapokanyaga, uwe wa mbao ngumu kuliko zote. Kwenye besi isiyo na freti kamba hukanyaga mbao moja kwa moja, na kamba ya chuma iliyosokotwa ni kama msasa. Jaco Pastorius, Mmarekani aliyeijulisha dunia besi ya umeme isiyo na freti katika miaka ya 1970, aliipaka shingo yake gundi ngumu ya mashua ili kamba zisiitafune. Vanishi ngumu ya fundi wa meza, ikipakwa mara kadhaa na kuachwa ikauke vizuri kila mara, hufanya kazi hiyo hiyo kwa kiasi.

Kamba: hesabu ni uzito

Kamba za besi za dukani, zikipatikana, zichaguliwe zile laini: zilizofunikwa kwa utepe bapa au kwa nailoni. Zile zenye mikunjo ya mviringo hula mbao haraka.

Asiye na za dukani huenda kwenye garaji ya pikipiki. Barabara za milima na matope hula kabo, na kabo iliyotupwa na fundi wa moto ni kamba ya besi inayosubiri. Lakini kabo hazilingani, na hapa ndipo wengi hukosea. Wanachukua kabo moja ya freni ya baiskeli, wanaikata vipande vinne na kuvifunga vyote.

Tuchukue besi ambayo kamba yake inapita hewani kwa urefu wa sentimita 90. Kabo ya freni ya baiskeli, yenye unene wa milimita 1.5 hivi, ikivutwa hadi noti ya mi ya chini, hubeba mvuto wa kilo 6 tu. Imelegea, inapiga mbao, haitoi noti. Kabo hiyo hiyo kwenye la hubeba karibu kilo 10, kwenye re karibu kilo 18, na kwenye sol karibu kilo 33. Sababu ni kwamba noti ikipanda mara mbili, mvuto unapanda mara nne. Kamba moja inalala, nyingine inavunja shingo, na ni kabo ile ile.

Dawa ni kubadili unene. Mi inataka kamba nzito: kabo ya ambrayaji ya pikipiki, milimita 2 hadi 2.5, hubeba kati ya kilo 10 na 16, na hapo inatoa noti. La na re zinaweza kukaa kwenye kabo ya freni ya baiskeli. Sol inataka kamba nyembamba: kabo ya vitesi vya baiskeli ya milimita 1.2 hivi, au nailoni nene ya milimita 2, ambayo huifikia sol kwa kilo 11 tu na haiumizi vidole.

Jumla ya kamba nne za chuma hukaribia kilo 65, kupita mfuko mzima wa saruji, na mzigo huo unaning’inia kwenye shingo mchana na usiku. Besi ambayo sanduku lake ni jepesi ibaki na kamba tatu: la, re, sol. Besi ya kamba tatu inayosikika inaishinda ya kamba nne inayonung’unika.

Sharti moja halina mjadala. Kabo itoke kwenye taka za garaji, isitolewe kwenye freni ya chombo kinachotembea. Wimbo mmoja haulipi ajali kwenye mteremko wa kushuka Sake. Na kabo iliyochanika nyuzi zake iachwe, maana kiuzi kimoja kilichosimama hupasua kidole kama wembe.

Kufunga bila haraka

Kabo isafishwe grisi kwa kitambaa na mafuta kidogo ya taa, ikaushwe, kisha ichunguzwe urefu wote. Mwisho wenye kichwa cha risasi ubaki chini, nyuma ya kijiti cha kubebea kamba. Kichwa hicho ni fundo lililotengenezwa kiwandani. Mwisho wa juu upinde pembe kali kwenye ufunguo kabla ya kukatwa. Ukikatwa kwanza, nyuzi zitafumuka. Mizunguko miwili au mitatu kwenye ufunguo inatosha, na kila mzunguko ukae chini ya uliotangulia.

Usikaze kamba moja hadi mwisho huku nyingine zikilala. Kaza zote nusu, ukianza na za pembeni, kisha za katikati, ili mzigo uingie kwenye shingo sawasawa. Acha besi usiku mmoja. Asubuhi angalia shingo tena kwa jicho, na angalia kama uso wa sanduku umezama chini ya kijiti. Kama uko salama, kaza hadi noti. Nailoni itaendelea kulegea kwa siku kadhaa. Si kosa, inanyooka.

Kamba zisikae juu mno. Besi isiyo na freti inaruhusu kamba kukaa karibu na mbao kuliko gita, na kadiri zilivyo karibu ndivyo noti inavyokuwa tamu na mkono usivyochoka.

Ramani ya noti kwenye uzi

Bila freti, mwanafunzi anauliza noti iko wapi. Jibu linapatikana kwa uzi wa kushonea. Pima uzi kutoka kijiti cha juu hadi kijiti cha chini, kwa mfano wetu sentimita 90. Ukunje mara mbili: sentimita 45 kutoka juu ni noti ile ile, oktavu moja juu. Ukunje mara tatu: sentimita 30 kutoka juu ni noti ya tano, ile ya kutoka do kwenda sol. Ukunje mara nne: sentimita 22 na nusu ni noti ya nne. Weka nukta ndogo ya rangi ubavuni mwa shingo mahali hapo patatu.

Nukta ya noti ya nne ndiyo inayolinganisha besi nzima. Kanyaga hapo kwenye mi, utasikia la. Kaza kamba ya la hadi zifanane. Kanyaga hapo kwenye la, utapata re. Kwenye re, utapata sol. Zikifanana, mtetemo kati yao unatulia kama maji ya ziwa baada ya upepo. Zisipofanana, utasikia wimbi linalopanda na kushuka.

Kwa nukta tatu tu mtu anaweza kushika nyimbo nyingi za kwaya, kwa kuwa nyingi husimama juu ya noti ya kwanza, ya nne na ya tano. Kilichobaki ni kazi ya sikio. Kidole kikikosea kwa nusu sentimita, waimbaji watageuza shingo. Kikirudi mahali pake, watatulia. Freti ingelificha kosa hilo, na kosa lililofichwa halimfundishi mtu.

Kinachobebwa wakati wa kukimbia

Haya yote yana uzito wa pekee katika wilaya hizi mbili. Rubaya ilichukuliwa na M23 mwaka 2024, Masisi-centre mwanzoni mwa Januari 2025, Goma mwishoni mwa mwezi huo huo. Walikale-centre iliangukia mikononi mwa waasi mwezi Machi, kisha wakaondoka Aprili. Wakaaji walikimbia, wakarudi, wakakimbia tena. Anayekimbia hubeba mtoto, godoro na sufuria. Besi yenye sanduku la ukubwa wa kreti inabaki ukutani, na mara nyingi haikutwi tena.

Kinachobaki na mtu ni kile alichokijua. Mwaka 1956, katika nchi ya Banyanga, Walikale, mtambaji Candi Rureke alimsimulia Daniel Biebuyck hadithi nzima ya shujaa Mwindo kwa siku 12, akiimba, akicheza na kusimulia, bila karatasi mbele yake. Kazi hiyo, iliyochapishwa mwaka 1969 na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, ilikuwa imebebwa na sikio na kumbukumbu kwa vizazi.

Besi isiyo na freti inabebwa vivyo hivyo. Anayejua kwamba mi inataka kabo ya ambrayaji na sol inataka nailoni, anayejua kukunja uzi mara mbili, mara tatu, mara nne, anaweza kuijenga upya popote atakapofika: penye mbao kavu, garaji ya pikipiki na kwaya inayopotea sauti kwenye beti la tatu.