SOKO LA WIKI: Mpangaji mkubwa akifunga, fremu ndogo hubaki na kodi

Wafanyabiashara wa Kibaha na Kisarawe wanaotafuta fremu katika majengo mapya ya maduka wana jambo moja la kupima kabla ya kulipa kodi ya miezi sita au ya mwaka: ni nani anayewaleta wateja hapo, na siku akiondoka itakuwaje. Suala hilo limekwisha kutokea Dar es Salaam, na walioumia zaidi ni wenye maduka madogo na wale waliopeleka bidhaa zao kwa mali kauli.

Jengo kubwa la maduka haliendeshwi kama mtaa wa Kariakoo. Kariakoo mtaa wenyewe ndio unaoleta mteja. Katika jengo la maduka, mwenye jengo humtafuta kwanza mpangaji mkubwa, kwa kawaida supamaketi, humpa mkataba mrefu na bei nafuu kwa kila mita ya mraba, kisha wenye fremu ndogo hutozwa bei ya juu zaidi. Kwa hiyo muuza viatu au simu analipia pia miguu ya watu waliofuata sukari na sabuni kwa jirani yake. Mpango huo hauna ubaya wowote maadamu jirani yupo.

Mlimani City ilipofunguliwa mwaka 2006 katika ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chini ya mkataba wa miaka 50 na wawekezaji kutoka Botswana, wapangaji wakubwa walikuwa Shoprite na Game, wote wa Afrika Kusini. Kwa watu waliokulia katika foleni za maduka ya RTC, kusukuma toroli katikati ya rafu zilizojaa lilikuwa jambo la kupigia picha. Familia za Kibaha zilipanda basi hadi Ubungo kufuata bidhaa huko.

Mteremko ulianza mapema kuliko wengi walivyodhani. Mwaka 2014 Shoprite iliuza maduka yake matatu nchini, mawili ya Dar es Salaam na moja la Arusha, kwa Nakumatt ya Kenya. Oktoba 2015 Uchumi, nayo ya Kenya, ilitangaza kufunga maduka yake yote ya Tanzania na Uganda. Mwaka 2017 rafu za Nakumatt zikaanza kuwa tupu. Januari 2018 kampuni hiyo iliwekwa chini ya msimamizi wa mahakama huko Nairobi, ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ivunjwe. Choppies ya Botswana iliamua kuondoka mwaka 2019. Game ilifuata mwaka 2022.

Ni rahisi kusema kwamba Mtanzania hana fedha. Maelezo hayo hayatoshi. Mteja wa kawaida hupata fedha kwa siku au kwa wiki, hununua mafuta ya kupima na sukari robo kilo, na genge lililo mlangoni pake humkopesha hadi mwisho wa mwezi. Supamaketi haikopeshi. Inabaki na wenye mishahara na magari, ambao kwa idadi hawakutosha kulisha matawi yote yaliyofunguliwa kwa pupa.

Kodi ya pango nayo ilikuwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2014 dola moja ilikuwa kama shilingi 1,600. Mwishoni mwa 2015 ilikuwa imepita 2,100. Fremu ya dola 1,000 kwa mwezi ilipanda kutoka shilingi milioni 1.6 hadi milioni 2.1 bila mwenye jengo kuongeza hata senti, wakati mteja aliendelea kulipa kwa shilingi.

Jambo la tatu, na ndilo lililowamaliza wengi, ni mali kauli. Supamaketi huchukua bidhaa leo, huuza taslimu kesho, na kumlipa aliyeleta baada ya siku 60 au 90. Fedha hiyo ya katikati ndiyo Nakumatt na Uchumi walivyojitanua kwayo. Chukua mfano wa mfugaji wa kuku wa Kibaha anayepeleka trei 100 za mayai kila wiki. Akilipwa baada ya siku 60, wakati wote ana trei zaidi ya 850 mikononi mwa mtu mwingine, na chakula cha kuku ananunua kwa fedha taslimu. Siku 60 zikiwa 90, deni linapita trei 1,280. Mlango ukifungwa, benki yenye dhamana hutangulia na muuza mayai hukaa mwisho wa foleni. Ndiyo maana rafu tupu ni dalili mbaya kuliko tangazo lolote: wauzaji wa jumla wamekwisha kuacha kuleta.

Mlimani City yenyewe haikufa. Ina benki, sinema, ukumbi wa mikutano na eneo lisilo na mfano, hivyo nafasi zilizoachwa zilipata watu. Jengo la mji mdogo halina kinga hiyo.

Kibaha ina hoja nzuri. Sensa ya 2012 iliukuta mji huo na watu 128,488, na umekua sana tangu hapo. Barabara ya Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, imepanuliwa kuwa njia nane, na Halmashauri ya Mji imejenga Kibaha Shopping Mall. Lakini barabara nzuri humpeleka mteja Dar es Salaam upesi kama inavyomleta. Wasafiri nao huhama: stendi ya mabasi ya mikoani iliondoka Ubungo kwenda Mbezi Luis mwaka 2021, na tangu Juni 2024 abiria wengi wa Morogoro hupita kwa treni ya SGR, yenye vituo Pugu na Soga.

Kisarawe ni ngumu zaidi. Wilaya nzima ilikuwa na watu 101,598 mwaka 2012, wametawanyika vijijini, na mnunuzi wa mjini hapo hushuka Gongo la Mboto au Kariakoo kwa nauli ndogo. Vifaa vya ujenzi, pembejeo na dawa vinaweza kuhimili fremu. Nguo na vipodozi vya bei kubwa, kwa sasa, hapana.

Anayetaka kusaini aombe kuona mkataba wa mpangaji mkubwa umebakiza miaka mingapi, na adai kifungu cha kupunguziwa kodi iwapo nafasi hiyo itakaa tupu kwa zaidi ya miezi mitatu. Kuhusu dola, kanuni za serikali zilizoanza tarehe 28 Machi 2025 zinakataza kutaja au kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni, isipokuwa kwa malipo maalumu yaliyoruhusiwa. Hata hivyo kifungu cha kupandisha kodi kila mwaka bado kipo katika mikataba mingi, na kisomwe kabla ya kutoa kilemba.