Kichwa kimejaa, daftari tupu

Siku za soko pale Mpondwe, upande wa Bwera, utawakuta vijana wa sekondari wakiwasaidia wazazi wao kuuza maharage. Mmoja anageuza faranga za Kongo kuwa shilingi za Uganda kichwani, anapatana na mteja kwa Kiswahili, kisha anamweleza mama yake kwa Lhukonzo kwa nini bei ile haifai. Kijana huyohuyo ukimpa nusu saa darasani aandike insha kuhusu soko hilohilo, atakurudishia mistari minne iliyopinda, na neno moja ameliandika kwa namna tatu. Pembeni mwalimu anaandika: mvivu.

Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Kuandika ni kazi nyingi zinazofanywa kwa mpigo: kupata wazo, kulipanga, kulitafutia maneno, kukumbuka tahajia na kuuongoza mkono. Kwa watu wengi mkono na tahajia hujiendesha vyenyewe, akili ikabaki huru kufikiri. Kwa mwenye disgrafia (ugumu wa kuandika) au disleksia (ugumu wa kusoma na tahajia), hayo mawili ya mwisho humaliza nguvu zote, na wazo linapotea kabla halijafika kwenye karatasi. Kipaji hakiondoi tatizo hilo. Mara nyingi hulificha, kwa sababu mtoto mwerevu hujibu vizuri kwa mdomo miaka mingi bila mtu kushtuka, hadi sekondari inapodai kurasa.

Kasese, wilaya ya Uganda lilipo soko hilo, ina ugumu wake zaidi. Tangu 2007 madarasa ya chini hufundishwa kwa lugha ya nyumbani, kisha darasa la nne mtoto anahamia Kiingereza, na mtihani wa darasa la saba wote ni wa Kiingereza. Kwa hiyo mwalimu anaweza kusema tatizo ni lugha tu, na pengine ni kweli. Lakini kuna njia rahisi ya kupima. Muulize kijana swali la historia, ajibu kwa mdomo, kisha mpe swali hilohilo kwa karatasi. Halafu mwambie aandike jambo la nyumbani kwa Lhukonzo. Akikwama kote kwenye kuandika na huku anasimulia vizuri, usiendelee kukilaumu Kiingereza.

Waswahili wa zamani hawakudhani kwamba mtunzi lazima awe ndiye mwandishi. Mashairi mengi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu 1840, yalidumu vinywani mwa watu. Mwalimu Sikujua aliyakusanya baada ya mtunzi kufa, akisaidiana na Mwingereza W. E. Taylor, na kitabu cha mashairi hayo kikachapishwa 1940. Hakuna anayempunguzia Muyaka heshima kwa sababu kalamu ilishikwa na mwingine.

Darasani au nyumbani, anza hapo: tenganisha kutunga na kuandika. Kijana asimulie kwanza, kwa lugha yoyote, ajirekodi kwa simu ya mzazi. Asikilize, achague hoja tatu, aziandike kwa sentensi fupi. Tahajia ingoje mwisho. Mwalimu naye atoe alama mbili, moja ya hoja na moja ya lugha, ili kijana aone kwamba mawazo yake yamesomwa. Darasa likiwa na watu wengi, mwenzake anaweza kumwandikia rasimu, yeye akaisahihisha. Na tafadhali, asipewe kazi nyepesi kwa sababu ya mwandiko. Mpe hesabu ngumu, mpeleke kwenye midahalo. Akili isipopata chakula chake, kijana huanza kuichukia shule yenyewe, na hilo ni gumu kulirekebisha kuliko tahajia.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza 2020, unasaidia kidogo. Asilimia 20 ya matokeo ya kidato cha nne hutokana na kazi za darasani na miradi, na humo kijana anaweza kuonyesha kitu alichokitengeneza na kukieleza. Asilimia 80 iliyobaki bado ni mtihani, kalamu mkononi.

Hapo ndipo wazazi wengi hawajui haki ya mtoto wao. Baraza la mitihani, UNEB, huwatambua watahiniwa wenye disleksia pamoja na wasioona na viziwi. Huwapa dakika 45 za ziada inapobidi, na wengine hupata msaidizi. Sijaona sababu ya kijana wa Bwera kukosa kile anachopata mwenzake wa Kampala. Walimu wa kusaidia wapo: Chuo Kikuu cha Kyambogo kimekuwa kikiwaandaa walimu wa elimu maalumu tangu kilipoundwa 2003. Kama shule yako haina hata mmoja, iulize ofisi ya elimu ya wilaya ni nani aliye karibu.

Mzazi, maombi hupitia shuleni, na hayangoji wiki ya mtihani. Nenda kwa mwalimu mkuu kabla usajili wa watahiniwa haujafungwa, ukiwa na daftari za mwaka huu na za mwaka jana. Umwombe amsikilize mwanao akieleza somo moja kwa mdomo, kisha afungue daftari lake.